Uhakimu kwenye mji mdogo kama Amu, mtu huishi vipi?

BintiLangoni:

Asalaam aleikum jamaa. Huwa nasoma tu humu, leo ndio mara ya kwanza naandika kwa hivyo nikirefusha mnisamehe. Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, nimezaliwa mtaa wa Langoni, sahii niko Malindi kwa ofisi ya wakili na huu ni mwaka wa nne tangu niapishwe kuwa wakili. Tume ya Huduma za Mahakama ikitangaza tena nafasi za hakimu mkazi nataka kuomba. Sheria sio swali langu, hiyo nitaisoma. Swali langu ni maisha yenyewe, ukipelekwa kituo kidogo, mji ambao watu wote wanajuana na hakimu ni mmoja au wawili basi.

Bibi yangu nilipomwambia alinyamaza, akamaliza kuchagua mchele wake, halafu akaniuliza, "Na arusi za watu utakwenda?" Nikamwambia kwa nini nisiende, lakini tangu siku hiyo hilo swali halinitoki. Kwetu arusi watu wako pamoja siku nzima nzima, msiba watu wako pamoja, jirani akipika kitu kizuri anakuletea sahani. Sasa hakimu anaishi vipi hapo? Samaki ananunua kwa nani? Yule kijana aliyemshika mkono jana kumteremsha kwenye boti, leo akimuona kizimbani anafanyaje? Na mamangu ana lake, tangu Juni 2024 hakimu Monica Kivuti alipopigwa risasi na afisa wa polisi ndani ya korti ya Makadara, hataki kabisa kusikia neno uhakimu nyumbani kwake.

Mwenye kujua kwa kuishi naye au kwa kuifanya hiyo kazi, naomba anieleze.

Karani Mstaafu:

Wa aleikum salaam mwanangu. Mimi nilikuwa karani na mkalimani wa korti miaka 29, mingi hapo Amu na mingine vituo viwili vya huku huku Pwani, sasa nimestaafu nalea wajukuu. Mahakimu waliopita mikononi mwangu ni 14. Swali la bibi yako ni zito, kwenye mahojiano hawatakuuliza zito kama hilo.

Kwanza toa wasiwasi wa kuletwa kwenu. Kwa nilivyoona mimi hakimu hutolewa mbali, akishazoea anahamishwa. Anafika Mokowe na masanduku yake na godoro, anapakiwa botini, akishuka gati ya Amu mji mzima ushajua hakimu mpya ni mrefu au mfupi na ana watoto wangapi. Hapa hakuna gari la kujifichia vioo. Ni miguu, vichochoro na punda. Asubuhi anapita mbele ya yule atakayemhukumu saa nne, jioni anapishana kichochoroni na mama wa yule aliyemfunga, na kile kichochoro upana wake wauijua, mmoja lazima asimame ukutani mwenzake apite.

Nitakueleza mmoja, jina silitaji. Mtu wa bara, kijana bado, alikuja na suti nzito hajui joto letu. Jumamosi yake ya kwanza alikwenda sokoni, muuza samaki akampa kolekole mzima akakataa pesa, "chukua Mheshimiwa, wewe ni mgeni wetu." Yule bwana akamrudisha samaki juu ya meza kwa adabu akaondoka mikono mitupu. Watu wakasema ana maringo. Haikupita hata wiki mbili ndugu wa yule muuza samaki akaletwa kotini kwa kesi ya kupigana na nilipomuangalia hakimu juu ya kiti nikajua kwa nini alimuacha yule samaki. Baadaye akawa ananunua kila Jumamosi, analipa, anangoja chenji mpaka shilingi ya mwisho, na hapo ndipo watu walipoanza kumheshimu, si siku ya kwanza.

Barazani hakukaa. Hili ndilo litakalokuuma wewe mtu wa Amu kushinda yeye. Pale baharini jioni wanaume wamekaa, kahawa inapita, habari zote za mji ziko hapo, yeye anaamkia anapita. Alikuwa maji yakitoka anatembea pwani pwani mpaka Shela na kurudi, peke yake, kila siku. Nilimuuliza mara moja kama hachoki na upweke, akaniambia kule barazani akisikia kesi kabla haijafika mezani kwake basi hataweza tena kujifanya hakusikia.

Na arusi alikwenda, mwambie bibi. Alikwenda pale penye watu wengi, akala pilau sinia moja na kila mtu, akatoa pongezi, akaondoka mapema. Chumba cha ndani hakuingia. Akialikwa nyumbani kula peke yake na mwenye nyumba, alikataa, na alikataa kwa wote sawa, tajiri na maskini, kwa hivyo hakuna aliyeweza kusema kanikataa mimi.

Naendelea chini, simu inazima.

Mvuvi wa Kizingitini:

Mimi si msomi lakini naomba niseme maana mahakimu nimewaona kutoka upande ule mwingine. Nilikuwa na kesi ya injini ya boti, mtu alichukua injini yangu kwa mkopo wa 85,000 akalipa kidogo akanyamaza. Nikaenda kotini, korti yenyewe siitaji. Sasa jua, mimi kutoka Kizingitini kufika kotini saa tatu asubuhi siwezi kutoka siku hiyo hiyo, natoka jana yake, nalala kwa watu, nauli ya boti kwenda na kurudi, na siku mbili hizo sikuvua. Nikifika naambiwa leo wakili wa yule hayuko, kesi imeahirishwa. Nikirudi naambiwa faili haionekani. Nikirudi hakimu yuko semina. Mara tisa. Mara tisa dada yangu. Kesi nilishinda, hakimu alipoisikiza aliisikiza vizuri sana na hukumu yake ilikuwa ya haki, lakini nikipiga hesabu ya nauli na siku nilizoacha bahari nimepata hasara.

Kwa hivyo ukiwa hakimu mambo ya arusi utajijua mwenyewe, mimi nakuomba moja tu, kabla hujaahirisha uliza mtu ametoka wapi. Wa mjini anaweza kurudi kesho. Mtu wa Ndau, wa Kiunga, wa Kizingitini, huyo kusi likivuma njiani anaweka roho yake. Na kama unajua mapema hutakuwepo basi karani apige simu, simu siku hizi kila mtu anayo.

wakili_mld:

Pole sana mvuvi. Kesi kama yako ndiyo sababu ya sheria ya mahakama za madai madogo ya 2016, madai mpaka milioni 1, na inatakiwa imalizwe ndani ya siku 60. Pale ambapo korti hizo hazijafika hakimu wa kawaida ndiye anabeba yote na hapo ndipo foleni inapotoka. BintiLangoni hilo ujue mapema, kwenye kituo kidogo wewe ndiye wa jinai, wa madai, wa watoto, wa trafiki, wa mirathi ya wasio Waislamu, wa ardhi, asubuhi bangi mchana talaka ya watu wa Mpeketoni. Kwa sheria ya mahakama za mahakimu ya 2015 hakimu mkazi anasikiza madai yasiyozidi milioni 5, ukipanda ngazi ni 7, halafu 10, halafu 15, na hakimu mkuu milioni 20. Ukishafika miaka kumi ya uzoefu kikatiba unaweza kuomba ujaji wa Mahakama Kuu, wengi waliokaa pale juu walianza kwa vituo hivi vya vumbi. Ila usiingie kwa ajili ya hiyo ngazi, nayo ina matuta, mnakumbuka wale majaji waliopendekezwa 2019, 34 wakaapishwa Juni 2021 na 6 waliobaki wakangoja mpaka Septemba 2022.

Mimi kinachonitisha kwa niaba yako si upweke, ni hukumu za lazima. Sheria ya makosa ya ngono ya 2006 inasema mtoto akiwa wa miaka 16 mpaka 18, kifungo si chini ya miaka 15. Si chini. Sasa utaletewa mzee aliyemharibu mtoto wa jirani na utamfunga bila kupepesa macho, na wiki ijayo utaletewa kijana wa miaka 19 na msichana wa 17 walikuwa wanapendana na familia zikakosana kwa mahari, na karatasi ya mashtaka ni ile ile. Kuna wakati Mahakama Kuu ilifungua mlango hakimu apime mwenyewe, Julai 2024 Mahakama ya Juu ikaufunga, ikasema viwango ni vya bunge si vya hakimu. Nimesimama mbele ya hakimu mmoja mwanamke akisoma hukumu ya namna hiyo, sauti haikutetemeka, alipomaliza akaingia chemba na kesi zilizofuata zilingoja nusu saa. Hakuna aliyeuliza.

Kwa mamako sina jibu la kumtuliza, lile jambo la Makadara lilitutikisa sote. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu hapo korti ninazokwenda mlangoni kunaangaliwa zaidi.

Na usidhani korti za mbali ni ndogo. Kesi ya wavuvi wa Amu kuhusu bandari ilifunguliwa 2012, ikaamuliwa hapa hapa Malindi 2018, Mahakama Kuu ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi kama 4,600. Mvuvi wa Kizingitini bila shaka unaijua.

Mvuvi wa Kizingitini:

Naijua, jina langu limo.

Mtoto wa Hakimu:

Babangu alikuwa hakimu. Nimesoma shule sita za msingi. Kila nikipata rafiki barua ya uhamisho inakuja. Siku moja Malindi mtoto mwenzangu alinipa baiskeli yake ndogo maana amenunuliwa mpya, nikaipanda mpaka nyumbani nikiwa na furaha zote za dunia, baba akaniuliza ni ya nani, nikamtajia, akanishika mkono tukairudisha sote wawili kwa miguu usiku ule ule. Nililia njia nzima. Hakunieleza, sikujua mpaka nimekuwa mtu mzima kwamba baba wa yule mtoto alikuwa na kesi ya kiwanja mbele yake. Ukipata watoto waeleze. Ni hilo tu, waeleze hata kama ni wadogo, usiwaache wafikiri ni wao waliokosa.

Mamangu naye ndiye aliyebeba zaidi. Hakimu ana korti yake na kazi yake, mke wa hakimu hana baraza wala jirani wa kuingia jikoni kwake, kila anayebisha hodi na sahani inabidi amuulize roho yake huyu ana nani kotini. Kwako wewe itakuwa mumeo.

Ummu Siyu:

Kwani kadhi mumemsahau? Watu wanazungumza kama hakimu wa mji ni yule wa bendera tu. Kadhi ni hakimu, yumo kwenye Katiba kifungu cha 170, ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa Waislamu waliokubali kwenda mbele yake. Na yuko hapa kabla ya Kenya kuitwa Kenya, 1895 mkataba wa Sultani na Waingereza ulimkuta, na 1963 Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua kuhusu mwambao na mahakama za kadhi zikabaki.

Nataja hivi kwa sababu swali la BintiLangoni ni kama mtu anaweza kuhukumu watu wake, na kadhi ndiye anayelifanya kila siku. Babangu alipofariki aliacha mamangu, kaka yangu mmoja na sisi wasichana wawili, na shamba la minazi. Kaka akasema ni minazi 120. Mimi najua si 120, tumekulia mle. Kadhi ni mtu wa kwetu, na mke wake ni jamaa ya shemeji yangu, yaani ukitafuta undugu utaupata. Hakubishana na mtu, alikuja shambani mwenyewe, akavua viatu, akahesabu mti mmoja mmoja na kijana wake anatia alama ya chokaa. 160. Akapiga faraidhi, mgao wa mirathi wa kidini, pale pale chini ya mnazi, mamangu thumuni yake 20, kaka 70, sisi 35 kila mmoja, akaandika, akatusomea, akatuuliza kama tumeelewa.

Kaka hakumwamkia miaka miwili. Na miaka miwili hiyo alisali nyuma yake kila Ijumaa, maana imamu ni huyo huyo. Sasa hivi wanaamkiana. Kadhi hakumtafuta kumpoza wala hakujieleza.

Kina dada nao wanauliza kama mwanamke anaweza kuwa kadhi. Katiba imesema Muislamu mwenye elimu ya sheria ya dini, haikutaja mwanamume. Wanazuoni wana maneno yao marefu hapo na mimi siyaingilii.

Karani Mstaafu:

Nimerudi. Ummu Siyu umesema kweli na mimi nyuma ya kadhi nimekaa pia, kalamu ni ile ile.

Mwanangu nikupe jambo ambalo chuoni halifundishwi. Kesi ya wizi wa mashine ya boti, shahidi mzee wa Matondoni, anaulizwa uliona lini, anasema usiku wa Ijumaa. Hakimu wa bara kaandika Ijumaa usiku. Mshtakiwa anajitetea, Ijumaa usiku nilikuwa Mombasa na tiketi ya basi hii hapa. Kiongozi wa mashtaka amekasirika, mzee anaonekana mwongo, kesi inaanguka. Mimi ni mkalimani kazi yangu ni kutafsiri si kusema langu, lakini nikainua mkono. Nikamwambia Mheshimiwa, huyu mzee siku yake huanza magharibi, usiku wa Ijumaa kwake ni ule unaoamkia Ijumaa, wewe unauita Alhamisi usiku. Korti ikanyamaza. Angeweza kunifukuza pale. Akaweka kalamu, akamuuliza mzee swali moja, ulisali nini baada ya usiku huo, mzee akasema nilikwenda msikitini sala ya Ijumaa mchana wake. Akakata alichoandika, akaweka sahihi pembeni, akaandika upya. Mshtakiwa wakili wake alipewa nafasi ya kujibu upya pia, haki yake hiyo. Tangu siku ile hakimu yule kila shahidi akitaja siku anamuuliza, jua lilikuwa limeshatua?

Wewe utakuwa na hilo tayari kama utapelekwa Pwani. Lakini ukipelekwa kule Turkana au Kuria wewe ndiye utakuwa mgeni asiyejua usiku wao unaanza wapi, na mkalimani wako atakuwa na mkono anaogopa kuuinua. Muangalie usoni.

Kuhusu kujiondoa kwenye kesi. Nilifanya kazi na hakimu mwanamke, mpishi wake wa nyumbani mpwa wake akaletwa kwa kesi ya unga, dawa za kulevya. Akalisema wazi kortini asubuhi ile ile, huyu ni mpwa wa mtu anayenipikia, siwezi. Ni sawa kabisa. Lakini kituo kikiwa na hakimu mmoja faili inakwenda kituo kingine, na pale mashahidi wanabeba nauli, kama mvuvi anavyosema. Kwa hivyo alipoona hilo likimtokea mara ya pili, akabadilisha maisha yake, akawa anapika mwenyewe. Alisema afadhali yeye akose mpishi kuliko watu saba wapande basi kwa ajili yake.

Na mkono. Siku zangu hakimu aliandika kila neno la shahidi kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba kina plasta. Siku hizi mambo yanaingia kwa kompyuta, tangu Machi 2024 kufungua kesi kwa mtandao kumesambazwa nchi nzima, na tangu korona kuna kesi zinasikizwa kwa simu. Sawa. Ila visiwani mtandao una siku zake, na mtu wa miaka 70 akiambiwa shtaka lake kwa skrini yenye kukatika katika mimi roho hainitulii.

Tulikuwa tukienda visiwani pia, korti ndani ya boti, mafaili kwenye gunia la plastiki yasirowe, bendera imekunjwa chini ya kiti. Siku zile ukikosa maji mkondo wa Mkanda haupitiki, unangoja, hakimu na karani na askari na wakati mwingine mshtakiwa mwenyewe, sote tumekaa kwenye mikoko tunaumwa na mbu tunangoja bahari ijae. Hapo hamna kuzungumza kesi. Tulizungumza mpira.

BintiLangoni:

Nimesoma yote mara mbili. Mvuvi, nimeandika kwenye daftari, uliza mtu ametoka wapi. Mtoto wa Hakimu pole kwa baiskeli, imeniliza.

Nimempigia bibi nikamsomea ya arusi, yule hakimu aliyekula sinia moja na watu akaondoka mapema. Akaniuliza, "Na msiba?" Karani, msibani je?

Karani Mstaafu:

Msibani alikwenda kila mara, na huko alikaa mpaka mwisho. Alinambia maiti hana kesi kwake.

BintiLangoni:

Nitamwambia. Naomba jambo moja, nikija Amu naweza kuingia kotini kuangalia tu bila kesi? Kwa Malindi huwa naenda kama wakili, macho yangu yako kwa mteja wangu, sijawahi kumtazama hakimu siku nzima.

Karani Mstaafu:

Korti ni ya watu wote, ingia. Njoo Jumatatu, ndiyo siku ya waliokamatwa wikendi, utaona mengi. Fika kabla ya saa tatu, kaa benchi la nyuma, la mbele hukaa walio nje kwa bondi wakingoja kuitwa. Usimtazame hakimu anapozungumza, mtazame anaponyamaza. Ukimaliza pita nyumbani, mke wangu amesoma haya yote begani kwangu na amesema siku hiyo ni wali wa nazi na samaki wa kupaka. Bado hujawa hakimu, unaweza kula kwa mtu.